Kiti Alichokifunga Dole

Kiwandani walimwita Dole, na jina hilo hakupewa bure. Kiwanda chao kinatengeneza viti vya plastiki vya kuogea, vile ambavyo mgonjwa au mtu mzima mwenye magoti mabovu anakalia bafuni, na viti hivyo havina skrubu, havina msumari, havina gundi. Mguu unausukuma kwenye tundu lake chini ya kikalio. Ubavuni mwa mguu kuna jino dogo. Likiingia tunduni linabonyea, linajipenyeza, na likikuta kidirisha chake linafyatuka nje, tak! Hiyo tak ndiyo kazi yenyewe. Ukiisikia, mguu umeshika, na hautoki tena mpaka mtu alibonyeze jino kwa bisibisi. Wafungaji wengine wote walikuwa wanaugonga mguu kwa nyundo ya mpira. Dole alikuwa anausukuma kwa kidole gumba, kimoja, huku anapiga soga na mwenzake wa meza ya pili. Wageni wakija kutembelea kiwanda, msimamizi alikuwa anawapeleka kwake kwanza wakashangae.

Mtu akishangiliwa hivyo miaka nenda miaka rudi, kichwa lazima kivimbe, na cha Dole kilivimba. Lakini mwili nao una siku zake. Kiungo cha kidole kile kikaanza kuuma, kwanza asubuhi tu, halafu kutwa nzima, mpaka kufunga kifungo cha shati ikawa kazi. Akachukua nyundo ya mpira kama wenzake. Kiwandani hakuna aliyemcheka. Watu wana shughuli zao. Nyumbani ndiko hakusema. Huko dole lilikuwa bado ni lile lile la zamani, na kila akija mgeni hadithi yake ilitiwa chumvi kidogo, na mtia chumvi mkuu alikuwa mwenyewe.

Basi mama mkwe wake akaja kukaa nao. Goti lilikuwa limemshinda na ngazi za nyumbani kwake hakuziweza tena. Alikuwa mama wa mwili mkubwa, fundi cherehani maisha yake yote, mcheshi, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, na mlaji. Alipenda chakula waziwazi bila kuona haya. Alikuwa anakisifia tonge kwa tonge, anamwambia bintiye, "Mwanangu, hapa umenikosha kabisa, hebu niongeze." Dole alimpenda mama yule. Hili lisemwe mapema, maana yanayokuja yatawafanya watu wamshangae. Yeye mama yake alishafariki, na huyu alikuwa anamwita "mwanangu" kwa sauti ile ile aliyowaitia watoto wa tumbo lake.

Kuoga ndiko kulikokuwa na shida. Mama alikuwa anaoga amesimama, mkono mmoja ukutani, na mke wa Dole anasubiri nje ya mlango roho mkononi. Siku moja Dole akasema, "Jamani, si nitamletea kiti?" Kiwanda kilikuwa kinawapa wafanyakazi wake ruhusa ya kuchukua kiti kikiwa vipande vipande, mtu akakifunge mwenyewe nyumbani. Mama alifurahi kama kaletewa gari.

Hadithi ingeishia hapo kama si shemeji. Huyu ni kaka wa mkewe, dereva wa lori, mdomo haupati likizo, na kila akimwona Dole swali lake ni moja: "Vipi, bado mnachezea midoli huko?" Akatuma salamu kwamba Jumapili atakuja kumwona mama. Mke wa Dole, kwa kumwonea fahari mumewe, akamjibu kwenye simu, "Njoo, na uje mapema, umwone anavyokifunga kiti kwa kidole. Kimoja! Nyundo haigusi!" Mama akapiga makofi. "Hilo mimi silikosi," akasema.

Sasa jamani, angeshindwa nini kusema, "Kidole kinaniuma siku hizi, nitatumia nyundo"? Mama angempa pole, mkewe angemchemshia maji ya chumvi, shemeji angetania weee mpaka achoke, na chai ingenyweka. Lakini Dole hakutaka kushuka machoni mwao. Alicheka tu, akajikuna shingo.

Ijumaa, wenzake walipokwenda kula, Dole aliingia stoo na miguu minne ya kiti na kipande cha msasa. Akayasugua yale meno, kidogo, akijaribu, akisugua tena, mpaka mguu ukakubali kuingia kwa kidole kinachouma. Mfungaji yeyote wa viti vile anajua kwamba hilo halifanywi hata kwa mzaha. Jino lililosuguliwa linatoa tak ile ile, tena tamu, ila linakuwa limeshikilia kwa ncha tu. Dole alijua. Akajiambia kwamba mtu akikaa juu ya kiti, uzito wake unausukuma mguu ndani, hauuvuti nje, na hilo ni kweli. Akajiambia pia kwamba shemeji akiondoka tu, ataleta miguu mingine mizima, aigonge kwa nyundo mtu asione. Hilo nalo alilikusudia kwa moyo wake wote.

Jumapili ikawa sherehe. Dole alikaa chini sebuleni, akakigeuza kikalio miguu juu, akakunja mkono wa shati kama mtu anayekwenda kupigana. Tak. Mama akasema, "Weee!" Tak. Mkewe akamtazama kaka yake, akainua nyusi tu. Tak, tak. Shemeji akataka naye ajaribu, Dole akampa kikalio kingine cha mfano alichokuja nacho kutoka kiwandani, na mguu ambao haukuguswa na msasa, akajaribu kwa dole lake nene la udereva. Alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Wapi! "Nimekubali," akasema. "Bwana, nimekubali. Hiyo siyo midoli." Dole akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo, na moyoni akaona utamu na aibu vimechanganyika hata hakujua kipi ni kipi.

Jumatatu hakubadilisha miguu. Kazi zilikuwa nyingi, alisahau. Jumanne alikumbuka yuko njiani anarudi. Halafu mama akawa anaoga na kuimba, kiti kimetulia, na kadiri siku zilivyopita ndivyo jambo lile lilivyozidi kuonekana dogo. Mtu akitaka kujidanganya hahitaji msaada.

Kiti kilipokuja kumwangusha mama, hakikumwangusha kwa uzito. Mama alitaka kusogea karibu na bomba, akafanya kama watu wote wanavyofanya: alijiinua kidogo, akakivuta kiti bila kunyanyuka sawasawa. Mguu mmoja ukabaki nyuma. Ukachomoka.

Ilikuwa mchana wa siku ya mapumziko ya Dole, na mkewe alikuwa kazini. Dole alisikia kishindo, halafu ndoo, halafu kimya. Akaruka mpaka mlango wa bafu.

"Mama! Mama!"

"Usiingie!" Sauti ilitoka chini kabisa, sakafuni. "Mwanangu, nakuomba, usiingie."

Mkwe wake yuko chini hana nguo, na yeye ndiye mwanamume pekee ndani ya nyumba. Alitoka pekupeku mpaka kwa jirani, mwuguzi mstaafu, akamgongea kama anayedai. Jirani aliingia bafuni, na Dole akasimama kwenye ujia ameupa mlango mgongo, anasikia, "Shika hapa, mama. Pole pole. Mguu huu unauma?" na mama anahema, na maji bado yanatiririka kwa sababu hakuna aliyekumbuka kufunga bomba. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mama alitoka amejifunga kitenge mpaka shingoni, ameegemea bega la jirani. Hakuvunjika kitu, ashukuriwe Mungu. Paja ndilo lililovilia damu. Alipofika mbele ya Dole alisimama, macho chini.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nimekuvunjia kiti chako."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema ukweli. Dole alifungua mdomo. Ikatoka "pole, mama," na baada ya hapo mdomo ukajifunga.

Baadaye aliingia bafuni, akauokota ule mguu. Jino lilikuwa linang'aa pale lilipopita msasa. Aliuviringisha kwenye gazeti, akaufungia kwenye kabati lake la nguo.

Jioni shemeji alikuja mbio na dawa ya kuchua. Alipoona mama anaongea na anakunywa chai, hofu ikamtoka na mdomo ukamrudia. "Ila mama," akasema, "kiti kile nilikiona kwa macho yangu kikifungwa. Kwa dole! Kile hakitoki hivi hivi. Wewe huku wanakulisha nini?"

Wakacheka. Mama naye alicheka, akajipigapiga paja lisiloumia. Mke wa Dole akasema, "Kaka, hebu acha," lakini na yeye alikuwa anacheka. Halafu wote wakamgeukia Dole, fundi mwenyewe, aseme neno.

"Unajua," Dole akasema, "viti vile vina kiwango chake cha uzito."

Hakuna aliyemlazimisha. Mguu angeweza kuuficha na akanyamaza, ingekuwa dhambi moja. Yeye akaongeza ya pili kwa hiari yake, tena kwa sauti ya mtaalamu. Mama aliacha kucheka kabla ya wengine. "Aa," akasema. "Kumbe."

Kesho yake chakula cha mchana mama alisema ameshiba. Jioni akala vijiko viwili vya wali akasukuma sahani. "Hukukipenda?" bintiye akauliza. "Kitamu sana, mwanangu. Nimetosheka tu." Siku iliyofuata ikawa vile vile. Chai akaanza kunywa kavu, sukari hataki. Mkate anaumega, anauchezea, anaurudisha. Zile sifa za tonge kwa tonge zikaisha mezani. Ikawa vinasikika vijiko tu.

Dole aliona. Alikuwa anakaa naye uso kwa uso, na sahani ile ilikuwa inarudi jikoni ikipita mbele ya pua yake. Aliijua sababu siku ya kwanza tu. Akafanya nini? Akakimbilia kiwandani akaleta kiti kipya, miguu mizima, akaigonga kwa nyundo ya mpira uani wakati hakuna mtu, akakivuta na kukitikisa mpaka mikono ikachoka. Kiti kile ungeweza kukitupa kutoka juu ya paa. Akakiweka bafuni, akajipangusa jasho, akajiona amelipa.

Mama hakukikalia. Alirudi kuoga amesimama, mkono ukutani, na goti lake lile.

"Mama, kiti kipo," Dole alimwambia. "Hiki ni imara, nakuhakikishia."

"Nakiona, mwanangu. Ahsante sana." Alimgusa mkono. "Acha kwanza nipungue."

Dole alikwenda kukaa uani peke yake. Ukisikia mtu anasema anajichukia, ndiyo hivyo. Na bado, walipomwita ndani, aliingia, akala, sahani ya mama ikapita, akatazama pembeni.

Mkewe alianza kuhangaika. Usiku kitandani alikuwa anasema, "Mama ana kitu. Mama hali. Labda ni ile ajali imemtia hofu. Au kachoka kukaa kwetu, anaogopa kusema?" Dole alikuwa anajibu, "Labda." Nguo za mama zikaanza kumpwaya. Jirani yule mwuguzi alipita kusalimia, akamtazama mara moja, akamvuta mke wa Dole pembeni wakanong'ona. Halafu asubuhi moja mama alishikwa na kizunguzungu akiinuka kwenye kochi, akajishika ukuta, akateleza polepole mpaka chini. Mke wa Dole akalia. Akampigia kaka yake simu: uje jioni na gari, kesho alfajiri tumpeleke hospitali.

Mama alilazwa chumbani na mito miwili mgongoni. Mkewe alipokwenda kuchemsha uji, mama akamwita Dole kwa kidole, kama mtoto anayetaka kusema siri.

"Mwanangu, nikuulize kitu, usiwaambie hawa."

"Niulize, mama."

"Kile kiwango. Ni kilo ngapi hasa? Nataka nijue nimebakiza ngapi. Maana naona kama mwili unanigomea, na sitaki kukuvunjia na hiki kipya."

Dole alimtazama. Uso wa mama ulikuwa umesinyaa chini ya macho. Dole akasema, "Nitauliza kazini, mama."

"Uliza, baba," akasema. "Ahsante."

Siku ile hakwenda kazini. Alizunguka mtaani bila kujua anakwenda wapi, akisema peke yake, watu wakimpisha. Aliporudi jioni, shemeji alikuwa ameshafika, meza imeandaliwa, na mama amesisitiza kukaa nao ingawa ana kizunguzungu chake. Mkewe alikuwa amesimama na upawa anaanza kupakua. Dole alipita moja kwa moja chumbani, akafungua kabati, akarudi na gazeti, akaufungua ule mguu na kuuweka mezani kati ya vyakula.

"Kiti hakikuvunjika kwa uzito," akasema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Hili jino nililisugua. Yote manne niliyasugua kwa msasa kabla sijakileta, kwa sababu dole langu limekufa, ni muda sasa, natumia nyundo kama kila mtu. Nilitaka mnione. Mama hakukivunja. Mimi ndiye niliyemwangusha."

Mkewe alibaki na upawa hewani, wali unadondoka. Shemeji alinyoosha mkono. Aliuchukua mguu, akalipitisha dole lake juu ya jino lililosuguliwa, akaurudisha mezani taratibu.

Mama alikuwa anamtazama Dole. "Kwa hiyo mimi si mzito?" akauliza.

"Hapana, mama. Hata angekaa mtoto, akikivuta vile, kingechomoka. Mambo ya kiwango niliyasema tu. Kilo zako kile kiti kinabeba na za mtu mwingine juu yake."

"Na ule mchezo wote wa Jumapili, kumbe ulikuwa kwa ajili ya kumkoga huyu?" Akamnyooshea mwanawe kidole.

"Ndiyo, mama."

Mama akaanza kucheka. Alicheka kile kicheko chake cha zamani, cha nyumba ya tatu, mpaka akashika meza. "Kwa huyu! Huyu asiyeweza hata kushona kifungo! Loo, wanaume!" Shemeji akacheka naye, kwa aibu kidogo, na mke wa Dole akafuta machozi akaanza kutabasamu. Dole akaona yamekwisha. Akavuta kiti chake akae.

Kicheko cha mama kikapungua, kikaisha. Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Halafu akamwangalia tena, na safari hii uso wake ulikuwa mwingine.

"Lile la kiti limekwisha," akasema. "Mtu anaweza kukosea akitaka sifa. Sasa niambie hili. Sahani yangu, ulikuwa unaiona ikirudi jikoni?"

Angeweza kusema hakuangalia. Wanaume wangapi hawaangalii?

"Nilikuwa naiona, mama."

"Na ulijua kwa nini?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayehakikisha kipimo cha kitambaa kabla ya kukata. Mkewe Dole aliketi chini ghafla, mkono mdomoni. Dole akasimama, akasogeza kiti nyuma, aondoke mbele za watu.

"Kaa," mama akasema. Hakumwita mwanangu. "Ulinitazama nilipokuwa naacha. Utanitazama na nikila."

Dole akakaa.

"Nipakulie, mwanangu," mama akamwambia bintiye. "Jaza."

Bintiye alijaza. Mama aliivuta sahani kwake, akashika kijiko, na ingawa alikuwa dhaifu hakutaka kusaidiwa. Alikula polepole, tonge baada ya tonge, bila kusifia chochote. Sahani ya Dole ilikuwa tupu mbele yake, na hakuna aliyempakulia. Kila mama alipoinua macho alimkuta anamtazama, na Dole alipoinamisha uso mara moja tu, kwa kuzidiwa, mama aliacha kutafuna akasubiri mpaka akauinua tena.